Tao la Matofali ya Saltley: Kumuaga Fundi Balbir Singh Virdi

Kings Heath, Birmingham. Jumapili, tarehe 10 Julai 1977.

Jumuiya yetu imenipa kazi ya kuandika wasifu huu, na kabla sijaenda mbali naahidi kusimulia yote, pamoja na jambo moja ambalo wazazi wetu wamelikwepa kwa miaka miwili. Baba yangu, Barnabas Kamau, amesoma rasimu. Alikaa nayo mezani mpaka chai yake ikapoa, kisha akanirudishia karatasi na kusema, "Acha hivyo hivyo."

Ijumaa tarehe 22 Julai, Fundi Balbir Singh Virdi atastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya kazi. Ishirini na minane alikuwa mwashi wa reli Afrika Mashariki, na tisa amekuwa fundi wa shule yetu ya wasichana hapa Kings Heath. Siku nane baada ya hapo atapanda ndege kwenda Kanada kuishi na binti yake, Kulwinder. Mwalimu mkuu atamsifu kwa Kiingereza ukumbini. Sisi tunamsifu kwa Kiswahili, kwa sababu katika Jumuiya hii ya watu wa Kisumu, Kampala, Nakuru na Moshi, hiyo ndiyo lugha ambayo Mzee Balbir, mama yangu, na Shiraz wa duka la mboga kule Alum Rock Road wanaweza kuchekeana nayo bila kwanza kutafuta maneno.

Mzee Balbir alizaliwa Kisumu na kufundishwa uashi na baba yake. Kazi yake relini ilikuwa madaraja na makalvati, yaani yale matao madogo ya mawe yanayopitisha maji chini ya njia ya treni. Anasema abiria wamepita juu ya kazi yake maelfu kwa maelfu na hakuna aliyewahi kuiona, na hilo halimsikitishi hata kidogo, maana anayeliona kalvati ni yule ambaye treni yake imeanguka. Mwaka 1968 alifika Birmingham mwezi wa Februari akiwa na mke wake, masanduku mawili, na mwiko wa chuma ambao mpini wake umelika kwa umbo la mkono wake.

Alitafuta kazi ya uashi. Aliambiwa kwamba vyeti vya reli ya kule havitambuliki huku. Ndiyo maana shule yetu ilimpata yeye, mwashi wa madaraja, azibue masinki, apake rangi mageti na kupiga misumari madawati. Hatukuwahi kumsikia akinung'unika. Hata hivyo napenda ijulikane kwamba katika miaka yake tisa hapa, kazi aliyozaliwa nayo aliifanya mara moja tu. Mara hiyo moja ndiyo habari yangu.

Tulikuwa kidato cha kwanza, na Bibi Pargeter alikuwa akitufundisha habari za Warumi. Wengi wetu tulidhani Warumi ni watu wa Biblia tu, wale askari wa Pilato. Bibi Pargeter alituambia kwamba walikaa Uingereza karibu miaka mia nne, na kwamba ngome yao moja ilikuwa papa hapa mjini, Edgbaston, kando ya hospitali anakofanya kazi mama yangu. Nilipompelekea mama habari hiyo alikuwa amelowesha miguu kwenye beseni baada ya zamu. Akasema, "Kumbe! Basi na wao walikichoka kile kilima."

Ili tuelewe jinsi Warumi walivyojenga, Bibi Pargeter alitaka tutengeneze tao la makaratasi magumu. Lilianguka. Tukalijenga tena, likaanguka upande wa pili, juu ya Indu, rafiki yangu na mtoto wa Jumuiya kama mimi, ambaye alijilaza sakafuni na kutangaza kwamba ameuawa na Warumi. Mzee Balbir alikuwa dirishani akibadilisha kioo. Alicheka mpaka ikambidi ashike fremu. Bibi Pargeter, ambaye ni mtu asiyeona haya kuuliza, akamfungulia mlango na kumwomba aingie atusaidie.

Aliingia. Akatueleza kwa Kiingereza chake, na akitugeukia Indu na mimi akaeleza tena kwa Kiswahili chake cha reli. "Tao hapana simama peke yake mwanzo," alisema. "Mwanzo iko mtoto. Nataka mtu ya kubeba." Huyo wa kubeba ni kiunzi cha mbao, nusu duara, kinachowekwa chini. Matofali hupangwa juu yake kutoka pande zote mbili mpaka yakutane katikati. Likishaingia tofali la juu kabisa, kila tofali linataka kuanguka na kila moja linazuiwa na jirani yake. Hapo kiunzi huondolewa, na tao husimama.

Bibi Pargeter alimwuliza kama angeweza kutujengea la kweli. Mzee Balbir alitazama mikono yake, kisha akatazama yetu. "Mimi hapana jenga," akajibu. "Hii watoto najenga. Mimi nasema tu."

Matofali tuliyapata Saltley. Huko safu nzima za nyumba zilikuwa zikibomolewa, na mojawapo ilikuwa nyumba ambamo wazazi wangu walipanga chumba walipofika nchi hii, chumba kilichokuwa na jiko la gesi ngazini na kuvu ukutani. Wabomoaji walituambia tuchukue tunachotaka. Shiraz alitoa gari lake la mboga, na kwa wiki kadhaa kabichi zake zilikuwa na vumbi jekundu, wateja wakimtania kwamba sasa anauza nyanya za kila aina. Baba alipoona lile rundo uani shuleni alisema, "Nyumba ile ilinitesa mimi, sasa inamfuata mtoto."

Ilikuwa majira ya baridi ya 1974, wakati umeme ulipokuwa wa mgao na tulisoma tukiwa na makoti. Kila msichana alipewa tofali lake. Tulilisugua juu ya bamba la jiwe kwa mchanga na maji mpaka likachukua umbo la kabari, jembamba chini na pana juu, na kusugua huko kulitupa joto kuliko darasa. Aliyekimbilia kumaliza alirudishiwa lake. "Mama," Mzee Balbir alimwambia Indu, "tofali hapana penda haraka. Wewe nasugua kama nafukuza mbwa."

Bibi Pargeter alitueleza kwamba matofali ya Kirumi yana alama: muhuri wa kikosi, kidole cha mfinyanzi, hata nyayo za mbwa aliyepita juu ya udongo kabla haujakauka. Basi kila mmoja wetu alikwangua jina lake ubavuni mwa tofali, upande utakaofichwa na jirani. Mimi niliandika Nyokabi. Indu alichora unyayo wa mbwa.

Siku ya kuondoa kiunzi shule nzima ilitoka nje. Husimuliwa, ingawa Bibi Pargeter anasema hakuna ajuaye kama ni kweli, kwamba mjenzi wa Kirumi alilazimishwa kusimama chini ya tao lake wakati mbao zinapotolewa. Mzee Balbir aliposikia hivyo aliagiza chai. Alisimama chini, kikombe mkononi, kilemba chake kipya cha rangi ya machungwa kichwani, akatuambia tugonge taratibu kabari zilizokiinua kiunzi. Tuligonga. Mbao zikashuka kidogo. Vumbi kidogo likamwangukia kwenye chai. Akanywa.

Tangu siku hiyo alikunywa chai yake hapo kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Wasichana wapya walielekezwa ofisi ya mwalimu mkuu kwa kuambiwa, "Pita kwa Mzee chini ya tao, kisha kushoto."

Nisisahau ile safari ya Sutton Park. Huko, si mbali na Kingstanding, kuna kipande cha barabara ya Warumi ambacho bado kinaonekana kikiwa mgongo wa nyasi, kimenyooka kama uzi. Mzee Balbir alikuja nasi kubeba vikapu vya chakula. Tulipofika alijilaza chini, shavu ardhini, akafumba jicho moja. Mlinzi wa bustani alikuja mbio akidhani mzee amezidiwa.

"Fundi, umeanguka?" Indu aliuliza.

"Mimi hapana anguka. Naangalia kazi ya watu."

Alipoinuka, na nyasi ndevuni, alisema barabara hiyo iko sawa, na kwamba angependa kumjua nyapara wake. Alikuwa akisema juu ya mtu aliyekufa zamani mno kama vile mtu huyo angeweza kutokea nyuma ya miti akipangusa mikono. Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kuwapenda Warumi, ambao kabla ya hapo niliwasoma kwa ajili ya mtihani tu.

Sasa nafika kwenye lile jambo.

Kiangazi cha 1975 Mzee Balbir alilazwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Wazazi wa Jumuiya walitaka kumfanyia jambo jema. Baba yangu alikuwa amegundua kwamba tao halikuwa na simiti hata chembe, bali chokaa nyembamba tu kati ya matofali, laini kiasi kwamba ungeweza kuikwangua kwa ukucha. Alidhani kwamba Mzee alikosa fedha za kununulia simiti na kuona haya kuomba. Huko kwetu nyumba ya simiti ndiyo nyumba. Mtu akijengea mama yake nyumba ya simiti, kijiji kizima hujua kwamba mwana huyo hakupotea. Baba alikuwa ametoka kumjengea nyanya yangu nyumba ya namna hiyo kule Murang'a, akiweka akiba ya zamu za kiwandani Saltley. Kwa hiyo alipochagua zawadi, alichagua kubwa kuliko zote alizozijua.

Yeye, Shiraz na wanaume wengine walikuja Jumamosi moja wakiwa wamekunja mikono ya mashati. Waliikwangua ile chokaa kwa mbele na kwa nyuma, wakajaza simiti, wakalainisha vizuri kwa kijiko. Walipiga picha. Akina mama walileta chapati. Ilikuwa siku ya furaha, na ninaikumbuka hivyo.

Mzee Balbir alirudi akitembea polepole. Alisimama mbele ya tao, akapitisha kidole gumba kwenye mstari wa simiti kutoka chini mpaka alipoweza kufika. Baba alikuwa pale, anasubiri. "Asante sana, Barnabas," Mzee alisema. "Nyinyi nafanya kazi mingi." Kesho yake alituletea jalebi zilizochovywa shira, sinia zima.

Lakini hakunywa chai chini ya tao tena. Alikunywa mlangoni mwa chumba cha boila. Tulidhani ni kwa sababu ya kidonda chake cha upasuaji. Kidonda kilipona, naye akabaki mlangoni.

Majira ya baridi yaliyofuata, na hasa haya yaliyopita, nyuso za matofali zilianza kubanduka. Machi mwaka huu Bibi Pargeter alitufundisha kuhusu makanisa ya zamani ya nchi hii ambayo kuta zake zina matofali ya Kirumi. Wajenzi waliokuja baadaye waliyachukua kutoka katika magofu, wakayapangusa, wakayatumia tena. Waliweza kwa sababu chokaa huliachia tofali. Chokaa pia hupumua: maji yakiingia hutoka. Simiti ngumu juu ya tofali laini hunasa maji ndani, na maji yakiganda hulivunja tofali. Nilisikiliza nikitazama nje, na nilielewa kwa nini Mzee alihamia mlangoni. Nilimweleza baba jioni hiyo. Tangu siku hiyo amekuwa akipita njia ya nyuma anapokuja kunichukua.

Kisha mwezi uliopita tuliambiwa kwamba Septemba shule yetu itaungana na ya wavulana, na madarasa ya muda yatawekwa uani. Tao lazima liondoke kabla ya Jumatatu tarehe 25 Julai. Kasisi wa kanisa ambalo Jumuiya hukutana katika ukumbi wake amekubali lihamie bustanini kwake, likiweza kuhama. Mkandarasi alikuja, akaligonga kwa fundo la kidole, akasema limegandishwa, halifunguki, ni la nyundo kubwa tu na nusu saa ya kazi. Wazazi wetu waliinamisha vichwa. Hakuna aliyethubutu kwenda kumwuliza Mzee Balbir, maana kumwuliza ni kumwambia usoni kwamba tuliharibu kazi yake pekee.

Jumanne iliyopita Indu na mimi tulitumwa chumba cha boila kuleta viti. Ukutani nyuma ya boila, kimefunikwa kwa shuka la zamani, tulikuta kiunzi. Kilikuwa kimepakwa mafuta, safi, hakina tandabui. Kabari zake zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba na kuning'inizwa pembeni.

Mzee alitukuta tukikitazama. Hakukasirika. "Hiyo ya tao," alisema. "Siku tao nataka kuhama, itauliza kiunzi yake. Tofali hata moja hapana toka kama kiunzi hapana rudi." Akatueleza kwamba Warumi nao hawakuchoma viunzi vyao. Walipojenga daraja lenye matao mengi walikitoa kiunzi katika tao lililokamilika na kukisogeza kwenye tao linalofuata. Alikitunza tangu siku ya kwanza. Hakuwahi kudhani tao litakaa pale milele. Alilijenga kwa chokaa ili watu wasiomjua waweze siku moja kulifungua na kulijenga popote watakapo, kama sisi tulivyofungua nyumba za Saltley.

Indu, ambaye hana breki, akauliza, "Fundi, simiti haitoki?"

"Iko nje tu. Ndani chokaa yangu iko. Kwa tindo, pole pole, natoka."

"Basi mbona hukuitoa? Miaka miwili!"

Mzee Balbir alikifunika kiunzi tena, akivuta shuka mpaka pembe zikakaa sawa. "Simiti iko zawadi ya baba yenu," alisema. "Mimi hapana vunja zawadi ya mtu."

Tulibeba viti tukaondoka. Kwa miaka miwili baba yangu aliona haya kuuliza, na Mzee Balbir kwa heshima hakuweza kusema, na matofali yalipasuka katikati yao. Najuta kwamba nilijua tangu Machi nusu ya habari na sikwenda kwa Mzee kutafuta nusu nyingine. Najuta zaidi kwamba mji huu ulikuwa na mwashi kama huyu miaka tisa ukampa masinki. La pili siwezi kulirekebisha. La kwanza, labda.

Nilimsomea baba ukurasa huo kwanza. Alikwenda bustanini, akarudi. Alisema simiti yao haikuingia zaidi ya urefu wa kidole, kwa sababu walikuwa na haraka ya kumaliza kabla chapati hazijapoa. Kisha akaniagiza maneno haya, na ninayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie Mzee kwamba zawadi nimeichukua tena mwenyewe. Kuanzia leo ni simiti tu. Aivunje, na mimi nitamshikia tindo."

Kwa hiyo nakala hii ya kwanza haitangoja programu ya tarehe 22. Indu ataipeleka kesho asubuhi mlangoni mwa chumba cha boila.

Mzee Balbir, umetutengenezea milango, madirisha, madawati na, kwa siku moja tusiyoisahau, fahari ya kutazama kitu kikubwa tukijua kwamba kimeshikiliwa na mikono yetu. Tunakushukuru kwa uvumilivu wako, kwa utani wako, na kwa jalebi ambazo hatukustahili. Tunakuombea safari njema, nyumba yenye joto kwa Kulwinder, na wajukuu wasiosugua kwa haraka. Popote utakapokuwa, maisha yawe mema kwako, na chai yako isiwe na vumbi ila ukitaka mwenyewe.

Jumamosi tarehe 16, saa tatu asubuhi, baba atakuwa uani na nyundo yake. Shiraz atakuja na gari, ameahidi kutoa kabichi kwanza. Bibi Pargeter ataleta chaki ya kuweka namba kwenye matofali, na wasichana wa kidato chetu watakuja kila mmoja kutafuta jina lake. Kiunzi tutakibeba sisi. Mwenye kujua pa kuanzia ni wewe peke yako, na tafadhali mpe Indu jibu papo hapo mlangoni, usimwache arudi mikono mitupu: utakuja usimame chini ya tao lako, utuonyeshe tofali la kwanza kutoka ni lipi?

Nyokabi Kamau
Kidato cha nne, kwa niaba ya Jumuiya